Maji Yaliyokuwa Moto Kabla

Mwanangu Sadia,

Orodha ya vitu vyako nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, kwa hiyo hapa sitakuandikia habari ya sabuni, wala ya kufuli, wala ya namna ya kuwaitikia walimu. Hayo umeyasikia mwezi mzima, hadi umeanza kuitika kabla sijamaliza kusema. Ninachokuandikia ni jambo nililolificha miaka minne. Ninakuambia sasa kwa sababu nisipokuambia mimi, kesho kituoni kuna mtu atakuambia.

Mtu huyo ni Mama Candia, mwenye hoteli pale karibu na kituo cha mabasi. Juzi alinikuta sokoni nikichagua dagaa wa safari yako. Hakunisalimu. Aliniuliza swali analoniuliza kila tukutanapo: "Mutoto yako anaondoka lini?" Miaka yote nimekuwa nikimjibu kwamba bado, bado sana. Safari hii nilishindwa kumdanganya, maana Arua nzima inajua siku ya basi la wanafunzi wa ualimu. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingoja. "Muzuri," akasema. "Nitakuja kumuaga. Mimi iko na maneno yake."

Basi nimeona uyapate maneno hayo kutoka kwangu kwanza, na uyapate yote, pamoja na yale ambayo yeye hatayasema.

Unajua mama yako ni mwoga. Ofisini wananiita Mama Nakala, kwa sababu hakuna kitu kinachotoka stoo bila mimi kukiandika mara tatu na kuweka karatasi moja katika droo yangu mwenyewe. Wanacheka, nami ninacheka nao. Lakini woga huo sikuzaliwa nao. Niliupata mahali, na mahali hapo ninapapita kila siku nikienda kazini.

Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe sasa. Kwetu ni Dranya, upande wa Koboko, lakini tulikaa hapa Arua kwa sababu babu yako alikuwa sajini, na bibi yako Hawa alishona sare za wanafunzi barazani. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, ya chuma, nzito hata wanaume wawili waliibeba wakitukana. Karibu na gurudumu lake palikuwa na kibati kidogo cha shaba chenye herufi mbili na tarakimu sita. Mimi nilijifunzia kusoma namba hapo. Bibi yako akishona, nilikaa chini nikizisoma kwa sauti, naye aliniambia nizirudie kinyumenyume, na nikipatia alinipa kipande cha kitambaa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Candia. Jina hilo la Mama Candia alilipata mikononi mwa bibi yako, kwa kuwa mkunga alichelewa, na aliyemtoa mtoto yule duniani ni bibi yako, kwa wembe wake wa kukatia nyuzi. Walikunywa chai ya kikombe kimoja. Kwa hiyo serikali ilipoangushwa, vita vikakaribia na watu wa jeshi lake wote wakaanza kukimbia, babu yako akiwa hajulikani alipo, bibi yako hakuwaza mara mbili. Alimwita Mama Candia, wakaisukuma ile cherehani pamoja hadi chumbani kwake, wakaifunika blanketi. Nilikuwepo. Mama Candia alisema, "Hata mukikaa miaka kumi, mutaikuta hapa." Kisha tukafuata barabara ya Koboko kwa miguu, tukavuka kuingia Kongo.

Tulikaa miaka saba. Wewe ulizaliwa huko, na baba yako alikwenda kuchimba dhahabu na hakurudi, hilo unalijua. Nilisoma kwa masista upande ule, nikajifunza mwandiko huu unaouona. Bibi yako alilima mashamba ya watu, na kila alipochoka alizungumza habari ya cherehani yake. Kwamba mkanda wake utakuwa umekauka. Kwamba atahitaji mafuta. Hakuwahi hata siku moja kusema kwamba huenda haipo.

Tuliporudi Dranya tulikuta nyasi mahali pa nyumba. Bibi yako hakulia. Alisema tupande lori la tumbaku twende Arua tukaichukue ile mashine, aanze upya. Wewe nilikufunga mgongoni.

Tulimkuta Mama Candia amekaa katika baraza la sokoni, anashona. Anashona kwa cherehani yetu. Iling'aa, imetiwa mafuta, na kile kibati kipo mahali pake. Bibi yako alifurahi, Sadia. Aliona jinsi ilivyotunzwa, akanyoosha mikono akaenda kumkumbatia mwenzake, akaanza kumshukuru. Mama Candia hakusimama. Aliendelea kukanyaga hadi akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Cherehani gani, mama?"

Bibi yako alidhani anataniwa. Akacheka. Akasema hii hapa, mwenzangu, hii hapa.

"Nyinyi watu ya jeshi," Mama Candia akasema kwa sauti ya kusikika na baraza zote, "vitu yenu iko Kampala, kwa nyumba za watu mulizoingia. Hapa Arua hakuna kitu yenu."

Watu wakacheka. Palikuwa na askari amesimama kwa muuza sigara, akageuza shingo kututazama. Siku zile mtu wa Koboko akitazamwa hivyo, hakujua atalala wapi. Bibi yako akanigeukia mimi. Alijua namba zile ziko kichwani mwangu. Alikuwa ananisubiri nizitaje, hapo mbele ya watu, kisha yeyote ainame asome kibati. Maneno manane tu: herufi mbili, tarakimu sita. Mimi niliyesoma nikamvuta kitenge chake nikasema, "Mama, twende."

Hilo ndilo neno langu lote la siku ile. Twende.

Bibi yako hakunikaripia. Alirudi Dranya akalima. Blauzi niliyovaa siku ya kuomba kazi aliishona kwa mkono, mishono midogo kama mbegu za mtama, na mzungu aliyenihoji aliniuliza nimeinunua wapi. Alipokuwa mgonjwa, wiki ya mwisho, aliniuliza kwa upole kabisa, "Zile namba, ulikuwa unazikumbuka?" Nikamwambia nilikuwa nimezisahau. Akasema, "Basi, mwanangu, si kosa lako." Akafa akiamini hivyo.

Usifikiri kwamba baada ya hapo nilimsahau Mama Candia. Nilimfikiria kama wengine wanavyoswali. Nilipokuwa nikihesabu mablanketi ya wakimbizi stoo, nilikuwa nahesabu pia siku zake. Nilijua alipoacha kushona mwenyewe na kumwekea binti wa dada yake ile mashine. Nilijua alipofungua hoteli, alipopata friji na jenereta ndogo. Kila alipopiga hatua mbele, nilihisi amekanyaga kaburi la bibi yako. Wala sikumfanya chochote, kwa sababu sikuthubutu. Nilikuwa nikingoja apite karibu na kalamu yangu.

Akapita.

Mwaka wako wa darasa la saba, shirika letu lilifunga nyumba ya wageni na kuuza vilivyomo. Mkuu wetu aliniagiza nikikague kila kitu, niandike kama kinafanya kazi au ni kibovu. Kilichonipa taabu kilikuwa ile oveni ya maikrowevu, sanduku jeupe la kupashia chakula kwa umeme bila moto. Hapa mjini zilikuwa chache, lakini huko uendako utazikuta, nami sitaki mtu akuuzie uongo. Hivyo nikueleze zinavyopimwa, maana kazi hiyo ninaijua kuliko ninavyotamani kuijua.

Chukua kikombe cha kioo. Usichukue cha bati, wala chenye mstari wa dhahabu mdomoni, kwa kuwa metali hutoa cheche ndani yake. Kijaze maji ya mtungini, na kabla ya yote tia kidole ujue maji hayo yakoje. Usiiwashe ikiwa tupu, itajiunguza yenyewe. Ipe dakika mbili. Ukifungua, koroga kwanza, kwa sababu moto wake hukaa upande mmoja, kisha ndipo utie kidole tena. Wengi hudanganywa na taa inayowaka ndani, na sahani inayozunguka, na kengele inayolia mwishoni. Hivyo vyote vinaweza kufanya kazi sawasawa na maji yakabaki kama ulivyoyatoa mtungini.

Mimi nilipima mara ya kwanza, maji yakatoka vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Sikuiandika kuwa mbovu. Jenereta yetu wakati ule ilikuwa inavuta pampu ya kisima, na umeme ukiwa hafifu hata mashine nzima hupasha kwa uvivu. Nikangoja pampu izimwe, taa za ofisini zikang'aa, nikapima tena kwa maji mapya. Vuguvugu. Nikaibeba mwenyewe hadi nyumbani kwa mkuu, aliyekuwa na nyingine ya kampuni ileile, nikaziweka jikoni kwake na kuzipima moja baada ya nyingine, kikombe kilekile, umeme uleule. Yake ilichemsha. Hii ilirudia uvuguvugu wake. Hapo nikawa na hakika, nikaandika kwa penseli: haipashi vizuri, imechoka.

Siku ya kuuza, Mama Candia aliingia stoo. Alinitazama kama mtu anavyotazama kiti. Hakumwona mtoto wa Hawa, aliona karani. Akaizunguka oveni, akafungua mlango, akafunga, akafungua. Alitaka kuiweka hotelini kwake, madereva wa malori ya mpakani Vurra waone chakula kikipashwa kama Ulaya. Akaniuliza, "Dada, hii kitu inafanya kazi kweli?"

Nikamwambia jenereta inatiwa mafuta, arudi baada ya chakula cha mchana aione mwenyewe.

Alipotoka nilikaa kidogo. Kisha nikachukua kifutio. Nikafuta maneno ya penseli bila haraka, na utulivu huo unanitisha hadi leo, maana mimi huogopa hata kufungua barua ya mkuu. Nikaandika kwa kalamu ya wino: inafanya kazi. Nikachukua chupa ya chai niliyokuja nayo kutoka nyumbani, siku hiyo ilikuwa na maji moto matupu, nikajaza kikombe cha kioo, nikakiweka ndani ya oveni na kufunga mlango kabla hajarudi.

Alirudi na mpishi wetu, Mzee Drani, kama shahidi. Nikamwambia maji nimeshaweka. Nikabonyeza. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, sote watatu tukainama kutazama kikombe kikitembea duara, na kwa dakika mbili zile nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Kengele ikalia. Akafungua, akatia kidole, akakitoa upesi akakilamba, akacheka.

"Iko moto kama chai ya jeshi," akasema.

Nilikuwa na huruma kidogo iliyobaki, nayo iliishia katika neno hilo. Akatia sahihi. Nikampa nakala yake.

Nisikudanganye, Sadia: nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Nilibadili njia yangu ya jioni ili nipite mbele ya hoteli yake. Oveni aliiweka juu ya meza ya mbele, ikitazama mlango, na watu walijaa kuitazama. Siku moja nilisimama kwenye duka la ng'ambo ya barabara nikijifanya nachagua viberiti, nikamsikia dereva mmoja akisema, "Mama, hii kuku iko baridi."

"Wewe umezoea makaa," akamjibu. "Hii moto yake iko ndani, inapita kwa mifupa. Haitaki kuchoma mudomo yako."

Wengine wakamcheka dereva kwa ushamba wake, naye akala. Mama Candia aliwaambia kwamba ile taa inaua wadudu wote, hata chakula kisipokuwa moto. Sijui kama aliamini. Nadhani alikuwa ameshaonekana na mji mzima akiibeba mashine ile, na hakuweza kurudi nyuma mbele ya macho yao. Nilimjua vizuri kuliko alivyojijua. Nilijua kwamba hatarudi stoo kulalamika, kwa sababu angelazimika kusema kwamba alidanganywa na kidole chake mwenyewe. Nilicheka hadi muuza duka akaniuliza kama ni mzima.

Nilichongoja ni aibu yake. Nilitaka siku moja watu wacheke baraza kwa baraza, kama walivyomcheka bibi yako. Niliandika kila kitu akilini, hatua kwa hatua, mimi mwenye nakala tatu, na sikuwaza kwamba kuna watu watakaokula. Chakula kilikuwa kinatoka kwenye friji ambayo jenereta yake huzimwa usiku. Yeye alizoea kukichemsha kwa makaa, siku zote kikawa salama. Mimi ndiye niliyemwondolea makaa.

Sasa unaanza kuelewa.

Wewe nilikuwa nimekukataza kula kwa Mama Candia. Nilikuambia ni pachafu. Haikuwa kweli, mwanamke yule ni msafi kuliko mimi. Ungeniuliza sababu hasa nisingekujibu, na mtoto aliyekatazwa bila sababu hukaidi bila sababu. Siku matokeo ya darasa la saba yalipotoka, wewe na wenzako wawili mlichanga, mkaenda kuangalia ile oveni na kula kuku. Wenzako walikula kidogo. Wewe ulikuwa na furaha, ukamaliza sahani.

Unakumbuka hospitali ya Kuluva kwa namna yako. Umeniambia unakumbuka dirisha, na nesi aliyekuwa akiimba. Mimi nakumbuka gari la shirika likiruka mashimo nawe umelala mapajani pangu, macho yameingia ndani, midomo imepasuka, huna hata maji ya kutapika. Nakumbuka nesi akiuliza umekula nini na wapi. Ulinitazama kwanza, ukiogopa nitakupiga kwa kuvunja amri. Ukasema, "Kuku. Kwa Mama Candia. Nisamehe, mama." Wewe ukaniomba msamaha mimi. Nilitoka nje, nikashindwa kurudi ndani hadi nesi aliponiita.

Siku ya pili Mama Candia alikuja. Alikuwa amebeba uji kwenye chupa. Nilimwona akitoka barabarani, vumbi hadi magotini, nikaenda kumzuia varandani asiingie. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele kwamba amekuua kwa chakula chake. Hakunipa nafasi.

"Zaitun," akasema. Kumbe jina langu alikuwa nalo. "Ile kitu, jana niliipima. Na maji ya mutungi. Nilitia kidole mbele, nikatia tena nyuma. Maji ilibaki maji." Akanionyesha kidole chenyewe. "Wewe ulijua."

Nilifungua mdomo nikitaka kukana, maana kukana ndiko ninakokujua. Kilichotoka ni zile namba. Herufi mbili, tarakimu sita, bila kukosea hata moja, kwa sauti ya mtoto anayesoma barazani. Nikazirudia kinyumenyume.

Aliweka ile chupa chini taratibu. "Mama yako ndiye alikuambia?"

"Mama yangu amekufa," nikamwambia. "Namba naijua mimi. Nilikuwa nimesimama pale sokoni."

"Mimi nilikuona." Akawa anatazama mikono yake. "Basi kwa nini hukusema siku ile? Ungetaja namba, ningewapa."

Mwanangu, nimelala na maneno hayo miaka minne. Ninaamini ni uongo. Watu walikuwa wamekwisha kutucheka, askari alikuwa upande wake, asingetupa kitu. Ni lazima yawe uongo. Kwa sababu yakiwa kweli, bibi yako alikufa akilima mihogo ya watu kwa sababu ya neno langu moja, na wewe ukalala pale na sindano mkononi kwa sababu hiyohiyo.

Nilimwambia aondoke. Aliichukua chupa yake, akaenda hatua mbili, akageuka. "Hii mutoto siku moja atakuwa mukubwa. Siku anaondoka, mimi mwenyewe nitamwambia mama yake alimupa nini kula."

Hakwenda kwa wakuu wangu, nami sikwenda kwa watu wa afya. Tulishikana koo kila mmoja, hakuna aliyethubutu kuachia. Oveni aliirudisha nyuma ya hoteli, akarudia makaa, wateja wakasahau. Lakini wiki ileile niliona lori la kwenda Vurra likipakia mizigo, na juu ya magunia, miguu juu, ilikuwepo cherehani ya bibi yako. Aliiuza Kongo. Hakuiuza kwa shida. Aliiuza ili mimi nisije nikaipata. Alikuwa amesimama pembeni ya lori akingoja niione, nami nikaiona.

Watu husema kisasi ni haki na kusamehe ni bora. Mimi sikufika kwenye bora. Ninajuta kwa ajili yako, hata sasa nikisikia umekohoa chumbani naacha kalamu. Kwa ajili yake sijuti hata kidogo. Ningeambiwa kwamba angekula yeye peke yake kuku yule, ningepasha maji yale tena kesho asubuhi. Nimejaribu kuandika sentensi nyingine mahali pa hiyo, nimeikata mara mbili, ndiyo maana karatasi imechanika hapo.

Sina nasaha kubwa ya kukupa. Ukiwa na haki yako, itaje palepale, hata kama sauti inakutoka kama ya kifaranga, hata kama askari amegeuza shingo. Haki niliyoimeza mimi sokoni ilikaa tumboni miaka minane, na ilipotoka haikuwa haki tena. Na ukimchukia mtu, mwambie mtoto wako sababu. Ningekueleza habari za cherehani, usingeingia kwenye hoteli ile hata kwa kuburutwa; ungemchukia pamoja nami, na ungekuwa salama. Sijui kama hilo ni jambo jema. Ni kweli tu.

Na nikuambie kweli ya mwisho. Barua hii sikuiandika kwa ajili ya dhamiri peke yake. Mama Candia ameyatunza maneno yale miaka minne kama nilivyozitunza namba. Ameyalisha, yamenona. Kesho atavaa kitenge chake kizuri aje kituoni kukupa. Nami nataka afike akute sahani imeshaliwa. Kila ninachokuambia hapa ninakinyang'anya mkononi mwake, na hata nikiwa nalia ninapoandika, nafurahi pia, hivyo ndivyo nilivyo, na ni afadhali unijue kabla hujavuka daraja la Pakwach.

Barua nimeiweka juu ya sanduku lako. Utaamka kabla yangu, kwa kuwa wewe siku ya safari hulali. Ukishaisoma, kama hutaki nikusindikize, iache mezani. Nitaiona, nitavaa, nitakwenda kazini kwa njia ya nyuma, wala sitamwambia mtu kwa nini. Sanduku litabebwa na mjomba wako. Kama umeiweka ndani ya mkoba wako, nitajua niko pamoja nawe hadi mlango wa basi.

Lakini kwa vyovyote vile, niwepo au nisiwepo, yule mwanamke akisogea dirishani kwako na kuanza kusema, usimtukane, ni mkubwa kwako. Mwambie tu, "Mama ameshaniambia." Halafu utazame uso wake vizuri, usikose kitu, uniandikie ulikuwaje. Uniandikie hilo, Sadia, hata kama baada ya leo hutataka kuniandikia jambo jingine lolote.

Mama yako,
Zaitun